Kichwa cha Treni Kinaposita: Uchunguzi wa Hitilafu za Mwendo katika Modeli za Reli Zinazoongozwa Kidijitali

Ikisiri

Kichwa cha treni cha modeli kinachoongozwa kidijitali hupokea umeme na amri kupitia reli zilezile mbili. Kwa sababu hiyo, kasoro ndogo ya mgusano kati ya gurudumu na reli hujitokeza kwa sura ya hitilafu ya programu: kichwa husita, hushtuka, hakiitikii amri, au huchomoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeiamuru. Makala hii inaeleza jinsi mfumo wa DCC unavyofanya kazi, inabainisha vyanzo vikuu vya mwendo usiotabirika, na inatetea mpangilio wa uchunguzi unaoanzia kwenye reli na kuishia kwenye vigezo vya dikoda, si kinyume chake. Aidha, inajenga hoja kwamba kiwango kinachosimamia mfumo huu kimesanifisha ujumbe lakini hakikuweza kusanifisha njia unayopitia, na kwamba pengo hilo linawahusu moja kwa moja wale wanaonunua na kusimamia vifaa vya mafunzo ya reli.

Utangulizi

Modeli za reli hujulikana zaidi kama burudani ya watu wazima wenye subira, na kwa sehemu kubwa ndivyo zilivyo. Hata hivyo, zipo taasisi zinazozitumia kwa kazi nzito. Mjini Darmstadt, Ujerumani, kuna uwanja wa mafunzo ya uendeshaji wa reli, Eisenbahnbetriebsfeld, unaohusishwa na chuo kikuu cha ufundi cha mji huo, ambamo vifaa halisi vya kuongozea ishara huunganishwa na treni za modeli. Mwanafunzi hukaa mbele ya meza ya ishara ya kweli. Kilicho kidogo ni treni tu. Katika mafunzo ya namna hiyo, kichwa kikisimama mahali kisipopaswa kusimama, somo huvurugika. Mwanafunzi hajui kama amekosea ratiba, amekosea ishara, au gurudumu limekanyaga uchafu. Mkufunzi naye, asipokuwa na njia ya haraka ya kutenganisha mambo hayo matatu, hujikuta akifundisha ukarabati badala ya uendeshaji.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa mapema. Kichwa cha treni ni jina ambalo watumiaji wa reli wa Afrika Mashariki huiita mashine inayovuta mabehewa, nalo linatumika hapa badala ya lokomotivu. Dikoda ni saketi ndogo iliyomo ndani ya kichwa hicho, inayosoma amri na kuigawia mota umeme. Kituo cha amri ni kifaa kinachotunga ujumbe, na kikuza ni kifaa kinachoupa ujumbe huo nguvu ya kutosha kuendesha treni. Kigezo ni thamani iliyohifadhiwa kwa namba yake katika kumbukumbu ya dikoda, nayo huamua tabia ya kichwa: anwani yake, kasi ya kuanzia, kiwango cha kuongeza mwendo na mengineyo.

Ujumbe na njia yake

Mfumo wa DCC ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz Elektronik ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye ulichukuliwa na National Model Railroad Association ya Marekani, chama kilichoundwa mwaka 1935, na katika miaka ya 1990 ukafanywa kiwango cha wazi. Uwazi huo ndio uliousambaza duniani: dikoda ya mtengenezaji mmoja huitikia kituo cha amri cha mtengenezaji mwingine.

Kabla ya hapo, volti iliyokuwa kwenye reli ndiyo iliyokuwa kasi yenyewe. Volti zikiongezwa, treni ilikwenda mbio. Zikigeuzwa mwelekeo, treni ilirudi nyuma. Kichwa hakikuwa na cha kuelewa. Katika DCC, reli hubeba volti kamili wakati wote, kwa kawaida kati ya 14 na 16 kwa modeli za ukubwa wa HO, yaani za uwiano wa 1:87, hata kama hakuna treni inayotembea. Umeme huo hubadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na muda kati ya badiliko moja na jingine ndio lugha. Nusu mbili za mikrosekunde 58 kila moja humaanisha moja. Nusu mbili za mikrosekunde 100 au zaidi humaanisha sifuri. Kila pakiti ya amri hutanguliwa na mfululizo wa moja zisizopungua 14, kisha huja anwani ya kichwa, amri yenyewe, na mwisho baiti ya ukaguzi inayotokana na hesabu ya baiti zilizotangulia. Hesabu ya dikoda isipolingana na baiti hiyo, pakiti hutupwa na dikoda husubiri nyingine.

Mambo mawili yanafuata kutokana na muundo huu, na yote mawili hupuuzwa mara nyingi. La kwanza ni kwamba pakiti iliyoharibika kwa kawaida haizai amri potofu, huzaa ukimya. Kichwa kinachochomoka kwa kasi hakijasikia vibaya, bali kuna jambo jingine lililotokea, na litaelezwa mahali pake. La pili ni kwamba, katika umbo lake la msingi, mawasiliano haya ni ya upande mmoja. Kituo cha amri hakijui kama kichwa kimesikia. Kinachofanya ni kurudia amri tena na tena, kama mwadhini asiyehitaji kuona nani yuko macho. Kwa hiyo skrini ya kituo inaweza kuonyesha kwamba treni namba fulani inakwenda kwa kasi ya wastani ilhali treni hiyo imesimama kimya katikati ya njia.

Doa la milimita moja

Ukubwa wa tatizo huonekana kwa hesabu nyepesi. Pakiti ya kawaida ya baiti tatu huchukua takribani milisekunde 6 kupita. Kichwa cha HO kinachotembea kwa kasi inayolingana na kilomita 10 kwa saa katika reli halisi husogea milimita 32 hivi kwa sekunde. Gurudumu lake likikanyaga doa la uchafu lenye urefu wa milimita moja, hubaki juu yake kwa milisekunde 31, muda wa kupita pakiti tano. Kichwa hichohicho kikitembea kwa kasi inayolingana na kilomita 80 kwa saa huvuka doa hilo kwa milisekunde 4, chini ya pakiti moja. Ndiyo maana kichwa kinachokimbia vizuri katika mzunguko mkubwa huanza kusitasita kinapoingia stesheni, na ndiyo maana jaribio linalofanywa kwa kasi kubwa halithibitishi chochote kuhusu usafi wa njia.

Zaidi ya pakiti kupotea, umeme wenyewe hukatika. Katika mfumo wa zamani, kukatika huko kuliigusa mota peke yake, na uzito wa treni uliivusha. Katika mfumo wa kidijitali, dikoda nayo hufa kwa muda huo, kisha huamka, husubiri kusikia anwani yake, na katika aina nyingi huanza tena kuongeza mwendo kutoka sifuri. Kama kigezo namba 3, kinachoamua kiwango cha kuongeza mwendo, kimewekwa juu ili treni ianze polepole kama treni halisi, doa la milimita moja huzaa kusita kwa sekunde kadhaa. Mtazamaji huona kichwa kinachosimama, kinachofikiri, kisha kinachoondoka kwa upole. Ni vigumu kuamini kwamba chanzo chake ni uchafu.

Uchafu huo hutoka sehemu kadhaa. Cheche ndogo kati ya gurudumu na reli huacha masizi; mafuta yaliyozidi kwenye ekseli hutambaa hadi ukingoni mwa gurudumu; magurudumu ya plastiki ya mabehewa ya bei nafuu hupaka utando mweusi kila yanapopita. Reli nyingi za leo hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo kwa Kiingereza na Kijerumani huitwa fedha ingawa haina fedha ndani yake. Aloi hiyo haikingi uchafu. Msasa huondoa utando kwa haraka, lakini huacha mikwaruzo ambamo uchafu mpya hujificha, na kwa hiyo hununua wiki moja kwa gharama ya mwezi. Kitambaa kilicholowekwa kidogo kwa alikoholi ya isopropili ni salama zaidi kwa reli, mradi umeme uwe umezimwa, kwa kuwa kimiminika hicho hushika moto kwa cheche.

Magurudumu yasisahauliwe. Kichwa chenye ekseli nne hudhaniwa kuwa na magurudumu manane ya kupokea umeme. Hata hivyo, mara nyingi mawili kati yake huvishwa raba ili yasiteleze, na vibati vinavyogusa mgongo wa magurudumu mengine huwa vimepinda au vimeziba kwa nyuzi za zulia. Magurudumu manane ya karatasi ya matangazo yanaweza kuwa manne ya kweli.

Ni mahali, ni kichwa, au ni vyote?

Uchunguzi mzuri huanza kwa swali ambalo halihitaji kifaa chochote: hitilafu inafuata nini? Ikitokea mahali palepale kwa kila kichwa kinachopita, ugonjwa uko kwenye njia. Ikikifuata kichwa kimoja popote kiendapo, hata kwenye kipande kifupi cha reli safi kilichounganishwa moja kwa moja na kituo cha amri, ugonjwa uko ndani ya kichwa. Ikivikumba vichwa vyote kwa wakati mmoja bila kujali mahali, macho yaelekezwe kwenye kikuza, nyaya kuu, au shoti inayosababishwa na treni nyingine.

Tofauti ya mwisho inastahili kusisitizwa kwa sababu hutambulika kwa kutazama tu. Kichwa kimoja kikisimama huku vingine vikiendelea, kimekosa mgusano. Vyote vikisimama kwa pamoja na taa za mabehewa kuzimika kwa nukta moja, kikuza kimekata umeme kwa kuhisi shoti. Mahali pa kawaida pa shoti hiyo ni pale njia inapogawanyika, kwenye kitovu ambapo reli mbili za pande tofauti hukaribiana mno. Gurudumu lililo jembamba au pana kuliko kipimo huzigusa zote mbili kwa pamoja. Mahali hapohapo, kitovu kikiwa cha plastiki kisicho na umeme, kichwa kifupi chenye ekseli mbili hukwama kwa sababu iliyo kinyume kabisa: hakigusi kitu. Dalili mbili zinazofanana katika sentimita mbili za reli zinadai tiba mbili tofauti, na fundi asiyeangalia vichwa vingine wakati wa tukio hawezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo kipande cha chaki ni kifaa cha maana. Kila mahali kichwa kinaposita huwekwa alama kando ya njia, kisha kichwa cha pili hupitishwa kwa mwendo mdogo. Alama zinazorudiwa ni za njia. Zisizorudiwa ni za kichwa cha kwanza.

Nyaya na sarafu

Hitilafu za njia haziishii kwenye uchafu. Reli huunganishwa kwa vibati vyembamba ambavyo hulegea na kupata kutu, na kila kiungio kilicholegea huongeza ukinzani. Desturi iliyothibitika ni kulehemu waya mfupi kwenye kila kipande cha reli na kuuteremsha hadi kwenye jozi ya nyaya kuu zinazopita chini ya meza, bila kuutegemea umeme upite kutoka kipande hadi kipande.

Unene wa nyaya kuu una uzito kuliko inavyodhaniwa. Waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 0.5 una ukinzani wa takribani omu 0.035 kwa mita. Njia ikiwa mita 10 kutoka kwenye kikuza, umeme husafiri mita 20 kwenda na kurudi. Kwa mkondo wa ampea 3, volti 2 hivi hupotea njiani. Waya wa milimita mraba 2.5 hupoteza chini ya nusu volti katika hali hiyohiyo. Vichwa hupunguza kasi upande wa mbali wa meza, na mwendeshaji hudhani ni mlima, au ni mota iliyochoka.

Hatari kubwa zaidi ya ukinzani huo si mwendo bali usalama. Kikuza hutambua shoti kwa kuona mkondo umepanda ghafla. Ukinzani wa nyaya ukiwa mkubwa, mkondo wa shoti hautafika kiwango cha kukata, na umeme utaendelea kumiminika. Kikuza cha ampea 5 na volti 15 kinaweza kutoa hadi wati 75, na joto hilo likikusanyika kwenye gurudumu moja lililotoka relini, linatosha kuyeyusha plastiki. Jaribio la kawaida ni la sarafu: hulazwa juu ya reli zote mbili katika sehemu ya mbali kabisa, na kikuza kinapaswa kukata mara moja. Kisipokata, hakuna haja ya kuendelea kuchunguza vigezo vya dikoda yoyote. Nyaya zirekebishwe kwanza.

Multimita ya kawaida haisomi volti za DCC kwa usahihi, kwa kuwa hutengenezwa kwa ajili ya umeme wa mawimbi laini wa majumbani. Hata hivyo, inatosha kwa kulinganisha. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya karibu na mbali, si thamani kamili.

Mota, gia na kipimo cha kurudi

Kichwa kikishathibitika kuwa ndicho chenye kasoro, jambo la kwanza kusomwa ni mdundo. Gurudumu la kipenyo cha milimita 12 husafiri milimita 38 hivi kwa mzunguko mmoja. Mshtuko unaojirudia kila baada ya umbali huo hautoki kwenye programu. Programu haijui gurudumu limefika wapi katika mzunguko wake. Hutoka kwenye gia iliyopasuka, ekseli iliyopinda, au, kwa modeli za vichwa vya mvuke, fito za kuunganisha magurudumu ambazo pembe zake zimepotoka. Katika vichwa hivyo, magurudumu ya upande mmoja hutangulia yale ya upande wa pili kwa nyuzi 90, na ekseli moja ikiteleza hata kidogo, fito hukaza na kulegea kwa zamu. Hakuna kigezo kinachoweza kurekebisha hilo, ingawa wengi wamejaribu.

Mshtuko usio na mdundo maalumu, hasa katika kasi ya chini kabisa, huelekeza kwingine. Dikoda za kisasa huendesha mota kwa mapigo ya haraka, na kati ya mapigo huyakatisha kwa muda mfupi ili kupima volti ambayo mota yenyewe huizalisha inapozunguka. Volti hiyo huonyesha kasi halisi. Ikipungua, dikoda huongeza nguvu, ikizidi, hupunguza. Kwa njia hii kichwa hupanda mlima bila kupunguza mwendo na hutambaa kwa kasi ambayo mfumo wa zamani haukuiweza. Lakini kipimo hiki ni dhaifu kama sikio linalosikiliza mnong'ono sokoni. Kaboni za mota zilizochakaa, vumbi lake kwenye komutata, au kapasita za kuzuia mwingiliano wa redio zilizofungwa kiwandani kati ya nyaya za mota, zote hupotosha volti inayopimwa. Dikoda hupokea habari za uongo na kuzirekebisha kwa uaminifu, ikiongeza pale isipopaswa na kupunguza pale isipopaswa. Kichwa hutetemeka.

Hapa kuna jaribio moja lenye thamani kubwa: kuzima udhibiti huo kwa muda kupitia kigezo husika. Mtetemo ukitoweka na kichwa kikatembea kwa ulaini ingawa kwa udhaifu, mota na gia ni nzima kwa kiasi cha kutosha na tatizo liko kwenye kipimo au kwenye viwango vyake vya usahihishaji. Mtetemo ukibaki, kasoro ni ya kimakanika au ya mgusano, na kifuniko lazima kifunguliwe. Ni moja ya nafasi chache ambapo kugusa kigezo mapema kunahalalika, kwa sababu kinaguswa ili kuuliza, si ili kutibu.

Vigezo vinavyofanana na ugonjwa

Baada ya reli, nyaya, magurudumu na mota kuondolewa shaka, hubaki makosa ya kweli ya usanidi. Ni machache, na dalili zake ni bayana kuliko za uchafu. Taa zinazowaka na kuzimika kwa kupokezana kila kasi inapoongezwa hatua moja ni ishara kwamba kituo kinatuma hatua 28 ilhali dikoda imewekwa kwa hatua 14; biti moja ambayo mmoja huitumia kwa kasi, mwingine huisoma kama taa. Kichwa ambacho taa zake hutii lakini mota yake haisogei, mara nyingi kimeachwa ndani ya msafara wa vichwa viwili: kigezo namba 19 bado kina anwani ya msafara, na dikoda haisikilizi amri za kasi zinazotumwa kwa anwani yake binafsi. Kukirudisha kigezo hicho kuwa 0 hutosha. Vichwa viwili vinavyotembea pamoja bila kupangwa vina anwani moja, na kwa kawaida ni 3, ambayo dikoda huja nayo kutoka kiwandani.

Kuchomoka kwa ghafla kunastahili maelezo marefu kidogo, kwani ndiko kunakoharibu vifaa. Dikoda nyingi huruhusiwa na kigezo namba 29 kutembea pia katika reli za mfumo wa zamani. Zikiona umeme usio na ujumbe, hudhani ziko huko, na kwa kuwa volti ni kamili, huenda kwa kasi kamili. Umeme usio na ujumbe unaweza kutokea kwa nukta chache baada ya kikuza kukata na kurudi, au pale mwangwi wa nyaya ndefu unapoharibu umbo la mawimbi. Thamani ya kawaida ya kigezo hicho ni 6, inayotokana na 2 kwa hatua za kasi na 4 kwa ruhusa ya mfumo wa zamani. Kuondoa 4 na kubakiza 2 huzuia uchomokaji. Kichwa chenye anwani ndefu huwa na 38, nacho hushuka hadi 34. Marekebisho haya ni ya busara kwa maabara yoyote isiyotumia mfumo wa zamani. Hata hivyo, kama uchomokaji ulikuwa wa mara kwa mara, shoti au nyaya zilizouzalisha bado zipo, ila sasa zimenyamazishwa.

Wakati mwingine kituo hushindwa hata kusoma kigezo, na dikoda hutangazwa kuwa imeungua. Usomaji huo hutegemea dikoda kuongeza matumizi ya mkondo kwa angalau miliampea 60 kwa muda wa milisekunde 6, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa kwa kuishtua mota. Magurudumu machafu au waya wa mota uliokatika huzuia jibu hilo. Dikoda nzima nyingi zimetupwa kwa sababu ya gurudumu lisilofutwa.

Kapasita ya kuvushia: tiba au pazia?

Suluhisho linalopendwa siku hizi ni kuifungia dikoda kapasita kubwa inayoihifadhia umeme wa kuvushia madoa. Ni kifaa chema, na kwa kichwa kifupi kinachopita vitovu vya plastiki hakina mbadala wa maana. Lakini katika maabara ya mafunzo kinapaswa kufungwa mwisho, si mwanzo. Kapasita huilisha mota na dikoda, haileti amri. Kichwa kilichovishwa kapasita kikiwa juu ya reli chafu huendelea kutembea kwa amri ya mwisho kiliyoisikia, na iwapo amri inayofuata ni ya kusimama, kinaweza kuikosa kwa muda wote ambao akiba yake inadumu. Kwa mpenzi wa modeli nyumbani, hiyo ni sentimita chache za aibu. Kwa mafunzo ya ishara, treni iliyopita ishara nyekundu kwa sababu haikusikia ni kosa lisiloweza kutofautishwa na kosa la mwanafunzi. Vilevile, kapasita huficha kuzorota kwa njia hadi uchafu uwe mwingi kiasi cha kusimamisha vichwa vyote kwa siku moja.

Kiwango kinafika wapi

Kiwango cha DCC kinaeleza kwa usahihi wa mikrosekunde umbo la ujumbe. Kinaeleza maana ya vigezo vya msingi. Hakielezi, na hakiwezi kueleza, hali ya uso wa reli katika chumba fulani. Aidha, viwango vya kurekebisha udhibiti wa mota viko katika eneo la namba ambalo watengenezaji wameachiwa, na kila mmoja amelijaza kwa namna yake. Matokeo yake ni kwamba uwazi wa kiwango huishia pale ambapo fundi anauhitaji zaidi: kigezo kinachotuliza mtetemo katika dikoda moja kina maana tofauti kabisa katika dikoda nyingine. Taasisi inayonunua vichwa kutoka kwa watengenezaji sita kwa sababu "vyote ni DCC" hujitwisha lugha sita za ukarabati.

Upande wa mawasiliano ya kurudi, hatua imepigwa. RailCom, teknolojia iliyotoka kwa Lenz na baadaye kuingizwa katika viwango, huiwezesha dikoda kujibu ndani ya mwanya mfupi unaoachwa kati ya pakiti. Kituo huweza kusoma anwani na vigezo vya kichwa kikiwa njiani, na sehemu ambako majibu hukatika mara kwa mara hujitambulisha yenyewe kuwa sehemu yenye mgusano mbaya. Sharti ni kwamba dikoda, kikuza na vitambuzi vyote viwe na uwezo huo, na katika ununuzi wa bei ya chini uwezo huu ndio hukatwa kwanza.

Kwa washauri wanaoandaa hati za ununuzi wa maabara za aina hii, masharti manne yana faida kuliko orodha ndefu ya sifa za kituo cha amri. Aina za dikoda zisizidi mbili. Mkandarasi afanye jaribio la sarafu mbele ya mpokeaji katika kila kipande cha reli kabla ya malipo ya mwisho. Ujengwe mzunguko mdogo wa majaribio, mbali na njia ya mafunzo, ambako kichwa chenye shaka hupelekwa kuulizwa peke yake. Kila kichwa kipewe daftari lake, ambamo vigezo vya awali hunakiliwa kabla mtu yeyote hajavigusa, na kila kusita huandikwa kwa mahali, mwendo na hali ya treni nyingine kwa wakati huo. Daftari hilo huhifadhiwa pamoja na kitambaa na chupa ya alikoholi, si pamoja na kompyuta.